Kumrudisha mnyama wa kuazima akiwa mgonjwa: Sharia inasemaje?

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, vyenye kusema na visivyosema. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, wiki hii nataka tusome mlango mmoja wa fiqhi ambao wengi wetu tuliupita mbio mbio tulipokuwa madrasa. Ni mlango wa ariya, yaani kuazimana vitu. Sababu yake ni swali aliloniuliza mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu: "Maalim, mtu akiazima mnyama, mnyama akaugua mikononi mwake na ugonjwa wenyewe hauishi, je, anaruhusiwa kumrudisha kwa mwenyewe vile vile alivyo?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo lilinifika mimi mwenyewe mwaka 2018, tena mara ya kwanza nililijibu vibaya.

Huenda wewe unayesoma gazeti hili uko mjini na hujawahi kushika kamba ya punda maishani mwako. Lakini umeshaazima pikipiki ya jirani ikaanza kutoa moshi, au jenereta ya shemeji ikagoma kuwaka usiku wa harusi. Usiifunge kurasa.

KISA CHENYEWE

Ilikuwa mara tu baada ya Idd el-Fitr ya mwaka ule wa 2018. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu miaka mitatu nyuma, mshahara wa ualimu ndio ule mnaoujua, na nilikuwa najenga chumba cha juu katika nyumba ya mama yangu mjini Lamu. Anayeijua Lamu anajua kuwa vichochoro vyake havipitiki kwa gari. Mchanga, mawe, saruji na boriti hushushwa gatini kutoka majahazini, na kuanzia hapo ni mgongo wa punda au kichwa cha mtu. Kodi ya punda ilikuwa inanishinda.

Mzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye namwita ami ingawa hatuna damu moja na baba yangu, akanishika mkono baada ya swala ya Ishaa. Akaniambia: "Mwanangu, mimi nina punda wawili na kazi siku hizi sina. Mchukue yule jike. Sitaki kitu. Wewe kazi yako ni kumlisha tu, mpaka umalize ujenzi wako."

Namuomba msomaji ayaweke akilini maneno hayo ya mwisho. Tutayarudia.

Nikamchukua. Alikuwa mpole, mzito kidogo, na alijua njia ya gatini kuliko mimi. Nikamtafutia shogi nzuri isiyomchubua mgongo, nikaapa kuwa hatatoka kwangu amekonda. Nilimlisha mahindi, pumba, na mkate uliolala kutoka dukani kwa jirani. Watu walionipita walinisifu. Kwa zaidi ya miezi miwili hakuna lililoharibika.

Mwishoni mwa Agosti kijana aliyekuwa akinisaidia kubeba akaniambia: "Maalim, huyu anachechemea." Nikatazama, na kweli alikuwa anachechemea. Lakini jahazi la mchanga lilikuwa limeshafunga gatini na nahodha anataka nafasi. Nikasema moyoni kwamba labda amekanyaga jiwe. Nikamfanyisha kazi siku 4 zaidi baada ya kuambiwa. Siku ya 5 nilimkuta amesimama ameinyoosha miguu ya mbele, uzito wote ameutupa nyuma kwenye visigino, na kila nikivuta kamba anatetemeka. Nikashika kwato zake za mbele. Zilikuwa na moto.

Punda si mbuzi, hapigi kelele anapoumwa. Daktari alinieleza baadaye kuwa mnyama huyu ana tabia ya kuficha maumivu, na ukiona ameonyesha ujue yamemzidi muda mrefu. Hilo ndilo linalofanya zile siku zangu 4 kuwa nzito.

ALICHOKIONA DAKTARI

Sisi watu wa Lamu tulipata bahati moja. Mwaka 1987 shirika moja la hisani kutoka Uingereza, linaloshughulika na punda, lilifungua hapo mjini kituo cha kuwatibu punda bila malipo. Nikampeleka polepole, nusu saa kwa njia ya dakika kumi.

Daktari wa mifugo akanieleza kuwa ndani ya ukwato mna nyama laini inayoushikilia mfupa usizame. Nyama ile ikivimba haina pa kwenda, kwa kuwa imezungukwa na ukwato mgumu, ndiyo maana maumivu yake ni makali. Moja ya sababu kubwa ni chakula kilichozidi wanga na sukari. Asili ya punda ni nchi kavu za Afrika ya kaskazini-mashariki, na tumbo lake limeumbwa kwa majani makavu na mabua, kidogo kidogo kutwa nzima. Mahindi na mkate niliokuwa nikijivunia ndio uliokuwa unamuumiza.

Nikainamisha kichwa. Lakini daktari akaendelea, akaunyanyua mguu na kunionyesha kwa kidole mistari iliyouzunguka ukwato kama mawimbi, myembamba mbele na mipana kuelekea kisigino. Akasema ukwato huota kutoka juu kwenda chini, chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi. Mnyama akipata maradhi haya, alama hubaki kwenye ukwato na kushuka nao. Mstari ulio karibu na ardhi ulikuwa umeanza kuota kiasi cha mwaka mzima nyuma, na mimi nilikuwa na punda yule miezi miwili na ushei tu.

Kwa maneno mengine, ndugu msomaji, niliazimwa punda mgonjwa. Maradhi yalikuwapo kabla yangu, mimi nikayachochea. Tena ni maradhi yanayorudi. Akapewa dawa ya kutuliza maumivu, kwato zikachongwa, akaamriwa kupumzika na kula majani makavu. Akapata nafuu Septemba. Akaanguka tena. Akapata nafuu, na Oktoba akaanguka mara ya tatu. Nikabaki na punda asiyebeba, anayekula majani ya kununua, na mama ananiuliza kila asubuhi hiki ni chumba tunajenga au zizi.

RUHUSA IPO

Mwalimu mwenzangu, mtu mwenye elimu yake, akanipa ushauri mfupi: "Mrudishe. Si wako." Akanikumbusha Hadithi iliyopokewa na Samura (r.a.), iliyomo katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi, kwamba mkono unabeba jukumu la ulichokichukua mpaka ukirudishe. Ukikirudisha, jukumu limekwisha. Na Qur'an katika Suratun-Nisaa aya ya 58 inatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe.

Kisheria hakukosea. Ariya si mkataba wenye kufunga. Mwenye kitu anaweza kukidai wakati wowote, na aliyeazima anaweza kukirudisha wakati wowote, hata kabla ya kazi kwisha. Gharama ya kukirudisha ni ya aliyeazima. Hakuna sharti kuwa mnyama awe mzima siku ya kurudi.

Basi nikapanga, na Allah anisamehe, kumpeleka alfajiri. Nilifikiri nimfunge kwenye kigingi cha mzee kabla watu hawajatoka msikitini, nimtume kijana aseme "Maalim anashukuru, kazi imekwisha", nami nitangulie shuleni. Moyoni nilikuwa na kinyongo pia. Nilijiambia kuwa yeye mwenyewe hakunieleza kuwa punda wake ana maradhi, basi na mimi sina deni la kumueleza.

Usiku ule nikafungua Minhaj nitafute maneno ya kuniliwaza.

"UMLISHE TU"

Minhajut-Talibin ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ni katika vitabu vikuu vya madhehebu yetu ya Shafi huku pwani. Katika mlango wa ariya pana maneno machache ambayo nilikuwa nimeyasoma zamani bila kuyaona. Imam anataja mtu anayemwambia mwenzake kuwa anamuazima mnyama ili amlishe, au anamuazima ili naye amuazime farasi wake. Anasema hiyo si ariya tena. Hiyo ni ijara, yaani kukodisha, tena ijara iliyoharibika, na inayolazimu hapo ni kodi ya kawaida ya mnyama kama yule.

Nikafunga kitabu. Nikakifungua tena.

Sababu yake iko wazi ukiifikiri. Ariya maana yake ni kutoa manufaa ya kitu bure. Katika madhehebu ya Shafi chakula cha mnyama aliyeazimwa kiko juu ya mwenye mnyama, kwa kuwa ni mali yake. Mwenyewe akisema "mchukue kwa sharti umlishe", chakula kile kimekuwa ndio malipo. Na kwa kuwa hakuna ajuaye kitakuwa kiasi gani wala kwa muda gani, malipo hayajulikani, na kodi isiyojulikana haisihi. Wanachuoni wa Hanafi wao wanaona kumlisha ni juu ya mwenye kuazima tangu mwanzo, kwa hiyo kwao sharti hilo halibadilishi jambo. Lakini sisi na mzee wote tulikuwa watu wa Shafi.

Asubuhi nikaenda kwa sheikh niliyesoma kwake utotoni. Nikamsimulia yote, pamoja na zile siku 4, nikitumaini kwa siri kuwa ataniambia maneno ya mzee yalikuwa maneno ya mapenzi tu, si sharti. Akanitazama akasema: "Alikwambia sitaki kitu, kisha akakwambia kazi yako ni kumlisha. Lile la kwanza ni adabu. La pili ndilo alilolihitaji." Akasema mimi nilielewa hivyo, ndiyo maana nilijiona nina wajibu wa kulisha, na mzee alielewa hivyo, ndiyo maana hakuleta hata tita moja la majani.

Kisha akanipangia hesabu. Kwanza, nina deni la kodi. Nikauliza kama nihesabu siku nilizombebesha, yaani siku 41. Akasema hapana, hesabu siku zote alizokuwa mzima mikononi mwako ukaweza kumtumia, umtumie usimtumie, kwa sababu ulimzuia mwenyewe asimtumie. Zikawa 68. Siku za ugonjwa hazimo, kwani manufaa hayakuwepo.

Pili, na hapa nikapumua, suala la dhamana likabadilika. Katika ariya, kwetu Shafi na kwa Hanbali, kitu kikiharibika si kwa matumizi yaliyoruhusiwa, aliyeazima analipa hata kama hakuzembea. Dalili mashuhuri ni kisa cha Safwan bin Umayya katika vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria. Mtume (s.a.w.) alimuazima deraya naye bado hajasilimu. Safwan akauliza kama zinachukuliwa kwa nguvu, naye akajibiwa kuwa ni azimo lenye dhamana. Baadhi zikapotea, Mtume (s.a.w.) akataka kuzilipa, na Safwan, ambaye moyo wake ulikuwa umeshageuka, akakataa malipo. Ama kwa Hanafi kitu cha kuazima ni amana, hakilipwi ila kwa uzembe, na Maliki wana tafsili yao wanayowatofautisha wanyama na vitu vinavyofichika. Lakini katika ijara, iwe sahihi au iliyoharibika, mkono wa aliyekodi ni mkono wa amana hata kwetu. Halipi ila akivuka mpaka au akizembea.

"Basi sikuzembea," nikasema. "Mahindi kila mtu hapa analisha."

"Kwa mahindi una udhuru, ilikuwa desturi ya watu nawe hukujua. Na zile siku 4?"

Sikuwa na jibu. Akasema kilichozidi kwa sababu ya siku zile ni juu yangu.

PUNDA NAYE ANA HAKI YAKE

Mpaka hapo tulikuwa tunazungumza mimi na mzee, nani anamdai nani. Sheikh akaniuliza swali ambalo ushauri wa mwenzangu haukuligusa: nikimrudisha, punda atakwenda kuishi vipi?

Nilikuwa nimeshasikia. Mpwa wa mzee alikuwa akisema barazani kuwa punda mgonjwa naye ana bei. Miaka ile bara kulikuwa na vichinjio vilivyoanza kazi mwaka 2016, vikichinja punda kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa China kutengenezea dawa ya kienyeji. Wanunuzi hawakujali kama punda anachechemea. (Serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara ile mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku mwaka 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuisitisha bara zima. Lakini mwaka 2018 ilikuwa wazi.) Imam Nawawi katika al-Majmuu ameeleza kuwa kwa madhehebu yetu haifai kumchinja mnyama asiyeliwa kwa ajili tu ya kuchukua ngozi yake, ingawa Imam Abu Hanifa ameruhusu. Na punda wa kufugwa Mtume (s.a.w.) alikataza nyama yake siku ya Khaybar.

Izzud-Din bin Abdis-Salam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi aliyefariki mwaka 660 Hijria, katika kitabu chake cha Qawaid ameorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu. La mwanzo analolitaja ni kumtunza mnyama kwa matumizi yanayomstahiki, hata akizeeka au kuugua kiasi cha kutonufaika naye tena. Halafu kutombebesha asichokiweza. Aliyaandika haya karne nyingi kabla ya vyama vya kutetea wanyama tunavyovisikia leo, nasi tunavidhani ni mambo ya Wazungu. Na Abu Daud amepokea kisa cha ngamia aliyekuwa katika bustani ya kijana wa Kiansari. Alipomuona Mtume (s.a.w.) akalia, Mtume (s.a.w.) akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akamwita mwenyewe na kumueleza kuwa mnyama ameshitaki kwamba anashindishwa njaa na kuchoshwa. Mimi punda wangu hakushinda njaa, alishiba kupita kiasi. Lakini la kuchoshwa lilinihusu.

Je, basi nimzuie punda nisimrudishe kwa kumuogopea? Sheikh alikataa hilo kwa ukali kuliko yote. Mali ni ya mzee. Kumzuilia mtu mali yake kwa kudhani kuwa unamjua punda wake kuliko yeye ni dhulma iliyovaa kanzu ya huruma. Naweza kumnasihi, naweza kumuomba nimnunue. Siwezi kumficha. Na kumrudisha kimya kimya alfajiri vile vile hakufai, kwa sababu kutosema aibu unayoijua ni katika ghushi, na tunajua kilichosemwa kwa yule muuza chakula aliyeficha unyevu chini ya fungu lake, kama alivyopokea Muslim.

Ama kinyongo changu kwamba mzee naye alinificha, akanikumbusha kwa ufupi Hadithi ya kutomfanyia khiyana hata aliyekufanyia khiyana. Akaongeza: "Na hujui kama alikuficha. Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza.

KWA MZEE

Nilikwenda baada ya Alasiri, bila punda. Nikamweleza yote kwa mpangilio: chakula, siku 4, daktari, mistari ya kwato, mara tatu alizoanguka, na kodi ya siku 68. Nilipofika kwenye mistari ya kwato mzee akaangalia chini.

"Nilijua anachechemea mvua zikizidi," akasema. "Mwaka juzi, na mwaka jana pia. Nikadhani ni uzee. Sikukwambia kwa sababu ungemkataa, na mimi, mwanangu, nilikuwa siwezi kulisha wawili."

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini aliniita usiku ule baada ya Ishaa. Mimi nilidhani kaniona mwenye shida, kumbe tulikuwa wawili. Kama ningemfunga yule punda kigingini alfajiri ningemrudishia mzee mzigo uleule uliomshinda, ukiwa mzito zaidi, nami nikijihesabu nimetimiza aya.

Kuhusu kodi akakasirika. Akasema hachukui kodi kwa mtoto wa mtaa, amenisamehe. Nikamwambia alivyonifundisha sheikh, kwamba kwetu msamaha wa deni lisilojulikana kiasi chake hausihi, sharti ajue kwanza ni kiasi gani ndipo aamue. Tukawauliza wenye punda wawili gatini kodi ya siku. Tukapiga hesabu kwa kalamu, tukatoa gharama ya chakula nilichomlisha siku zile, kwa ridhaa yake. Iliyobaki ilikaribia nusu ya mshahara wangu. Akaitazama ile karatasi muda mrefu. Akanisamehe nusu, na nusu akaikubali, na nikaona wazi kuwa aliihitaji. Nililipa kwa miezi mitatu. Matunzo ya maradhi kwa kipindi kilichotokana na uzembe wangu nikayabeba mimi, mbali na hesabu hiyo.

Likabaki suala la wapi akae. Mimi nilikuwa tayari kuendelea naye, safari hii kwa jina lake halisi, kama amana ninayomtunzia. Lakini daktari alikuwa ameniambia jambo jingine ambalo nilikuwa sijalitilia maanani. Punda huungana na mwenziwe. Wakitenganishwa huweza kuacha kula, na punda aliyeacha kula kwa siku chache mafuta ya mwilini humiminika kwenye damu na huweza kumuua, hata kama maradhi ya kwanza yalikuwa yanapona. Mzee akathibitisha: huyu na yule dume aliyebaki kwake walikua pamoja, na tangu nimchukue jike, dume alikuwa akilia kila magharibi. Hakuna aliyekuwa amenieleza kuwa nimeazima nusu ya jozi.

Kwa hiyo akarudi. Mwenzangu wa shuleni alisema: "Si nilikwambia tangu mwanzo?" Kweli alisema. Lakini alirudi kwa mwenyewe anayejua maradhi yake, na karatasi ya daktari niliyomsomea mzee na mkewe mpaka wakairudia kwa ghibu: asipewe mahindi, asipewe mkate, majani makavu tu, kwato zichongwe kila baada ya wiki sita hadi nane, na asibebeshwe mawe tena. Mpwa alipolitaja tena suala la wanunuzi wa bara, mzee alimjibu mbele yangu kuwa punda ana chakula chake cha miezi na hauzwi.

Kuna Hadithi ya Anas (r.a.) katika Bukhari ambayo sasa siisomeshi bila kukumbuka siku zile. Watu wa Madina waliingiwa na hofu usiku, Mtume (s.a.w.) akaazima farasi wa Abu Talha aliyeitwa Mandub, akampanda na kutoka kutazama. Riwaya zinasema farasi yule alikuwa mzito wa mwendo. Aliporudi aliwaambia watu kuwa hakuna la kuogopa, kisha akamtaja farasi kwa sifa, akamfananisha na bahari kwa mwendo wake. Wanafunzi huandika faida za ushujaa. Mimi huwaambia waandike pia kuwa farasi alirudi kwa mwenyewe pamoja na habari zake.

Tulimrudisha asubuhi ya Alhamisi, kwa njia ya mchanga ili asiumie, tukisimama kila anapotaka kusimama. Tulipokaribia kona ya nyumba ya mzee yule dume akalia kutoka ndani. Jike akainua masikio, akajibu, na akaongeza mwendo mpaka kamba ikanikaza mkononi. Mzee alikuwa mlangoni. Akaipokea kamba.

Wallaahu a'lam.